Likizo ya Familia Mombasa: Jinsi ya Kwenda Pwani na Watoto Bila Kugusa Karo ya Januari

Shule zikikaribia kufungwa, wimbo nyumbani ni mmoja tu: "Mama, tutaenda Mombasa lini?" Na wewe kichwani unapiga hesabu mbili kwa pamoja: nauli ya Mombasa, na karo ya muhula wa kwanza inayokusubiri Januari.

Habari njema ni kwamba Mombasa si ya matajiri peke yao. Bahari ni ya bure, feri ya Likoni ni ya bure kwa anayetembea kwa miguu, na mahamri kwa mbaazi ya asubuhi yanashibisha kuliko kifungua kinywa cha hoteli nyingi. Pesa huisha kwa sababu ya mambo matatu: kwenda wiki ambayo kila mtu anaenda, kukodi nyumba bila kuuliza maswali, na kutopatana bei mapema. Tuanze na la kwanza.

Chagua wiki yako vizuri

Siku ghali zaidi ni kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Pasaka nayo inakaribia. Wiki hizo nyumba ya kukodi inaweza kupanda hadi mara mbili ya bei ya kawaida, nauli za basi zinapanda, na treni inajaa.

Kama watoto wako wanasoma, una nafasi tatu tu kwa mwaka: Aprili, Agosti, na Novemba hadi Desemba. Aprili ina mvua za masika, ambazo zinaendelea mpaka Mei na hata Juni. Unaweza kulipia siku nne na ukae siku mbili dirishani ukitazama maji ya mvua yakipita barabarani. Agosti kuna upepo wa kusi: jua si kali sana, lakini bahari ina mawimbi na mwani mwingi hutupwa ufuoni. Watoto hawajali mwani, wazazi ndio wanaolalamika.

Kwangu mimi, wakati bora ni wiki mbili za kwanza baada ya shule kufungwa mwishoni mwa mwaka, kabla watu wa Krismasi hawajafika. Upepo wa kaskazi umeingia, bahari imetulia na maji yanaonekana mpaka chini. Bei nazo bado ni za binadamu. Ukiweza, ingia Jumatatu na utoke Ijumaa. Wenye nyumba wengi wako tayari kupunguza bei katikati ya wiki, ilhali Jumamosi hawana haja na wewe.

Treni, basi au gari?

Kwa familia inayotoka Nairobi, hesabu ya treni ya SGR ni rahisi kuifanya. Tangu Januari 2024, tiketi ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza ni shilingi 4,500. Mtoto wa chini ya miaka 3 hapandi kwa malipo, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hiyo wazazi wawili na watoto wawili wadogo ni shilingi 4,500 kwenda, na 9,000 kwenda na kurudi. Ni sawa na kiti kimoja cha daraja la kwanza, kwenda na kurudi. Usidanganyike na jina "kawaida", viti vinatosha na safari ni ya masaa matano au sita.

Tiketi unakata mtandaoni au kwa kupiga *639# kwenye simu, kisha unalipa kwa M-Pesa. Usingoje. Viti vya kawaida vya Desemba huisha mapema sana, na wanaochelewa ndio wanaoishia kulipa 4,500 kila mmoja. Kata ya kurudi siku hiyo hiyo unayokata ya kwenda. Kuna familia hukata ya kwenda peke yake, halafu Januari inakaribia na wao bado wamekwama Mombasa wakitafuta basi.

Treni ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya njiani kama Emali, Mtito Andei, Voi na Mariakani. Ile ya saa tisa alasiri haipotezi muda njiani. Ya saa nne usiku inavutia kwa sababu unaokoa pesa ya kulala usiku mmoja, lakini fikiria kwanza: utafika Miritini bado usiku mkubwa, watoto wamelala mabegani, na mwenye nyumba amesema kuingia ni saa nane mchana. Ukiwa na watoto, panda ya asubuhi. Inapita katikati ya Tsavo mchana, na ukiwa na bahati wataona ndovu dirishani. Hiyo ni safari ya mbugani ambayo hukuilipia.

Fikeni stesheni ya Syokimau angalau saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa mara zaidi ya moja. Kitambulisho ulichotumia kukata tiketi ndicho unachobeba. Chakula cha njiani pikia nyumbani.

Jambo moja watu husahau: stesheni ya Miritini haiko mjini, iko bara, nje ya kisiwa. Ukitoka tu nje utazungukwa na madereva wa teksi. Pita na mizigo yako polepole mpaka zilipo matatu za kuingia mjini, kisha ubadilishe gari la kwenda Bamburi au Mtwapa. Kama mzigo ni mwingi na mtoto ni mdogo, ita teksi kwa programu ya simu ili uone bei kabla hujapanda.

Basi la usiku lina faida yake kwa anayetoka mbali na Nairobi, na gari lenu wenyewe linafaa mkiwa watano au sita. Lakini barabara ya Mombasa ni kilomita karibu 480 zilizojaa malori. Dereva mmoja aliyechoka si akiba.

Mkae wapi?

Mombasa mjini ni kisiwa. Ukikaa kisiwani, karibu na Mji wa Kale, vyumba ni vya bei nafuu na chakula kiko mlangoni, ila ufuo wa kuogelea ni lazima upande gari. Nyali ni kuzuri, na bei yake ni ya Nyali. Likoni iko ng'ambo ya feri, na kama mpango wenu ni kuzunguka mjini kila siku, foleni ya feri itawachosha.

Kwa familia yenye bajeti, Bamburi ndiyo jibu. Ufuo wa umma uko pale, Haller Park iko pale, matatu za kwenda mjini zinapita usiku na mchana, na kuna nyumba nyingi za kukodi kwa siku zenye jiko. Shanzu ni mbele kidogo na ni tulivu. Mtwapa ni rahisi zaidi, lakini ulizia jirani ni nani: mji ule haulali, na muziki wa klabu ya jirani utausikia mpaka alfajiri.

Jiko ndilo litakalookoa bajeti yako. Familia ya wanne ikila mkahawani mara tatu kwa siku itamaliza pesa kabla ya siku ya tatu. Mkipika chai na chakula cha jioni wenyewe, mkanunua samaki kwa wavuvi au sokoni, mtakula nje mara moja tu kwa siku, na mtakula vizuri.

Kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba maswali haya ya Pwani. Tokeni za stima ni juu ya nani? Nyumba nyingi zenye kiyoyozi humwachia mgeni mzigo huo, na kiyoyozi cha usiku kucha hakina huruma. Maji je? Sehemu nyingi za Mombasa maji ya bomba ni ya chumvi, au hayatoki kila siku, kwa hiyo panga kununua mtungi wa lita 20 wa maji ya kunywa. Neti zipo? Pwani kuna malaria, na neti yenye tundu ni sawa na kutokuwa na neti. Na je, kutoka hapo hadi ufuoni ni dakika ngapi kwa miguu, si kwa gari?

Hapa ndipo tulipoliwa sisi

Niseme yaliyotukuta. Desemba moja niliona nyumba kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni: sebule nyeupe, bwawa la kuogelea, mita chache kutoka baharini, bei ya kutupa. Mwenyewe alikuwa mpole kabisa kwenye simu. Akasema kuna familia nyingine inaitaka, nitume shilingi 7,000 ya kushikilia. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lile aliloniambia, akasema ni la mke wake. Nikakubali.

Tulifika pale jioni na watoto wawili na mabegi manne. Jumba lilikuwepo kweli, ila askari wa getini akatuambia sisi ni familia ya tatu wiki hiyo. Simu ya mwenye nyumba ilikuwa imezimwa. Nilituma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 nikiomba pesa irudishwe, lakini ilikuwa imeshatolewa. Usiku ule tulilala chumba kimoja cha gesti, baba watoto akalala chini, na pesa tuliyolipia ndiyo iliyokuwa ya viatu vya shule.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu. Namwomba mwenye nyumba anipigie simu ya video akiwa ndani, afungue bomba, afungue dirisha, anionyeshe geti na barabara. Tapeli hawezi, atakuambia mtandao ni mbaya. Naangalia jina la M-Pesa kabla ya kubonyeza namba ya siri, na lisipolingana, situmi. Picha zake nazitafuta mtandaoni kuona kama hazijaibwa kwingine. Na kama una ndugu au rafiki Mombasa, hata yule mliyesoma naye zamani, mwombe apite akaone. Mtumie nauli, itakuwa pesa bora zaidi uliyotumia safari nzima. Anayekuharakisha ulipe leo hii kwa sababu "kuna mwingine anaitaka", mwachie huyo mwingine.

Bahari ni ya bure, lakini ina saa zake

Ufuo wa umma maarufu zaidi ni Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao wengi wanauita Pirates. Hakuna kiingilio. Watoto wanakodi mipira ya kuelea, wanapanda ngamia, wanakula mihogo. Kila kitu kina bei mbili: ya kuuliza kabla na ya kuuliza baada. Ngamia mmoja, mzunguko mmoja, shilingi ngapi, na picha imo au haimo? Malizeni hilo mtoto akiwa bado chini. Akishapanda, mwenye ngamia ndiye tajiri.

Watu wa bara wengi hawajui kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Mombasa, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kwenye saa kumi jioni na kupwa kwenye saa nne asubuhi, na tofauti inaweza kuzidi mita tatu. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji yanajaa asubuhi na kupwa alasiri, na tofauti yake ni ndogo.

Kwa nini ujali? Ukiwapeleka watoto saa nne asubuhi siku ya bamvua watakuta matope, mwani na mawe, wataanza kulia kwamba bahari imeisha. Maji yakiwa yamepwa ni wakati wa kutembea mpaka karibu na mwamba na kutazama kaa na samaki wadogo. Vaeni viatu, kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambao wakikuchoma hutasahau. Na mgeuke mrudi mapema, kwa sababu maji yakianza kujaa hayabishi hodi. Yanaweza kujaza mifereji ya nyuma yenu huku nyinyi mkiwa bado mnapiga picha.

Mwamba ulio mbele ya Nyali na Bamburi huvunja mawimbi, ndiyo maana maji ya ufuoni yanaonekana ya upole. Upole huo usikulaze. Mtoto anayejua kuogelea kwenye bwawa hajui mkondo. Wazazi wapokezane zamu: mmoja ndani ya maji na watoto, mwingine kwenye mizigo, na simu iwe mfukoni.

Jingine la Pirates: siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya ufuo unajaa watu mpaka huoni mchanga, na watoto hupotea. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino kabla hamjatoka nyumbani, na mvalishe rangi inayoonekana. Mimi siku hizo mbili siendi kabisa. Tunabaki nyumbani, tunakwenda tarehe 27.

Kama watoto wanalilia bwawa, si lazima mlale hotelini. Hoteli nyingi za ufuoni huruhusu wageni wa mchana kwa malipo, mara nyingi chakula kikiwemo. Piga simu uulize. Siku moja ya hoteli kati ya siku nne inatosha kabisa.

Siku moja mjini kwa pesa kidogo

Ngome ya Fort Jesus ndiyo ya kuanza nayo. Wareno waliianza 1593, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo beba kitambulisho. Nenda asubuhi. Saa sita mchana kuta zile zinakuwa tanuri.

Ukitoka hapo, Mji wa Kale uko mlangoni na hauna tiketi. Tembeeni vichochoroni mtazame milango ya kuchongwa, mpite msikiti wa Mandhry, ambao ni wa karne ya 16. Watu wanaishi mle, kwa hiyo vaeni kwa heshima, msalimie, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha za watu. Atakayekuja kujitolea kuwatembeza, patana naye bei kwanza. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana. Ila jioni! Kaimati, viazi karai, bhajia, mishkaki, juisi ya ukwaju. Kama safari yenu itaangukia Ramadhani, hamisheni mlo mkubwa uwe wa jioni.

Jioni ya siku hiyo ni ya Mama Ngina, ile bustani ya ufuoni iliyotengenezwa upya na kutumika kwa sherehe za Mashujaa za 2019. Kuingia ni bure. Mnakaa chini ya mibuyu, mnanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na limau, madafu na mabuyu, na meli kubwa zinapita karibu zikielekea bandari ya Kilindini. Mwanangu wa miaka mitano alisahau ngamia, alisahau bwawa. Meli hakuisahau.

Feri ya Likoni nayo ni burudani. Mwende kwa miguu, mvuke, mrudi. Hamlipi chochote. Epukeni tu saa za watu kwenda na kutoka kazini, na mshikane mikono mpaka mtoke kwenye lango.

Kwa wanyama, Haller Park ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, yakapandwa miti kuanzia miaka ya 1970. Pale ndipo alipoletwa Owen, yule kiboko mtoto aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mzee kuwa mama yake. Uliza langoni saa za kulisha twiga, ndiyo sehemu watoto wanayoipenda. Na kama mna siku ya ziada, magofu ya Jumba la Mtwana, kaskazini ya Mtwapa, ni mji wa kale ulioachwa ukitazama bahari. Watu ni wachache, kivuli ni kingi, na mnaweza kubeba chakula chenu.

Mkienda kwenye hifadhi ya baharini kwa mashua ya kioo, acheni chupa za plastiki nyumbani. Tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja hairuhusiwi kwenye maeneo yaliyohifadhiwa. Na kabla ya kupanda, uliza kama ada ya hifadhi imo kwenye bei ya mashua, na kama kuna majaketi ya kuelea yenye saizi ya mtoto. Hakuna jaketi, hakuna safari.

Hesabu yetu ya Agosti

Baada ya lile tapeli tulirudi Agosti iliyofuata, wazazi wawili na watoto wa miaka 9 na 5, siku tano na usiku nne. Treni ilikula 9,000. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala na jiko, Bamburi, 3,500 kwa usiku, jumla 14,000. Chakula 8,000, tukipika asubuhi na jioni. Matatu na tuktuk 3,500. Viingilio na mashua 4,500. Tukaweka kando 4,000 ya dharura. Jumla 43,000.

Zile 4,000 ziliokoa siku ya nne, mdogo alipopata homa usiku na tukalazimika kwenda kupima malaria. Haikuwa malaria, lilikuwa jua. Tulikuwa tumewaacha ufuoni kuanzia saa tano mpaka saa tisa bila kofia, kosa letu wenyewe.

Pesa hizo hatukuzitoa mshahara wa mwezi mmoja. Tulianza Januari, 6,000 kila mwezi kwenye akaunti ya peke yake ambayo haiko kwenye simu ya mtu yeyote kati yetu wawili. Kufika mwisho wa Julai zilikuwa 42,000, iliyobaki tukaongeza. Karo ya muhula wa tatu ilikuwa imeshalipwa kabla hatujakata tiketi, na huo ndio mpangilio: risiti ya shule kwanza, *639# baadaye.

Siku ya kurudi, toka Bamburi mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu njia ya kwenda Miritini hujaa malori ya bandarini. Zawadi za leso nunua Biashara Street siku moja kabla, si asubuhi ya safari. Na mabuyu ya majirani funga vizuri kwenye karatasi, ile rangi nyekundu haitoki kwenye nguo.